Chai na Ti: Njia Mbili za Jani Moja

0. Utangulizi

Mtu anayesafiri kutoka Bukavu kwenda Kinshasa huvuka mpaka usiochorwa katika ramani yoyote. Bukavu mwenyeji humkaribisha mgeni wake kwa chai. Kinshasa, katika Kilingala, kinywaji hicho hicho huitwa ti. Jani ni lile lile, maji na sukari ni vile vile. Jina ndilo limebadilika. Tofauti hiyo ndogo ina historia ya karne nyingi, na ndani ya historia hiyo mna safari za ngamia na za merikebu, adabu za wafalme na za watawa, vita, jasho la watu waliochukuliwa mbali na kwao, na hatimaye mashamba ya milima ya Kivu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo matatu. Kwanza, jinsi majina hayo mawili yalivyosambaa duniani hata yakakutana katika ardhi ya Kongo. Pili, jinsi mataifa mbalimbali yalivyolipa jani hilo thamani zisizofanana. Tatu, maana ya neno chai katika Kiswahili, hasa pale linapoacha kutaja kinywaji na kuanza kutaja rushwa.

1. Majina mawili

Mti wa chai, ambao wanabotania huuita Camellia sinensis, asili yake ni kusini-magharibi mwa Uchina na nchi za milima zinazopakana nayo. Kichina huliandika jina la jani hilo kwa alama moja, lakini alama hiyo haisomwi kwa namna moja kila mahali. Canton na katika sehemu kubwa ya nchi husomwa cha. Katika lahaja za Min za jimbo la Fujian, ambako ndiko iliko bandari ya Amoy, yaani Xiamen, husomwa te.

Njia ya nchi kavu ililibeba jina la kwanza. Waajemi walisema chay, na umbo hilo limo pia katika Kirusi, Kituruki na Kihindi. Waarabu, ambao lugha yao ya maandishi haina sauti ch, walisema shai. Njia ya bahari ililibeba jina la pili. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na mwaka 1610 shehena ya kwanza ya chai ilifika Ulaya kwa merikebu zake. Waholanzi walifanya biashara na watu wa Fujian. Kwa hiyo walisema thee, na kwao yakatoka thé ya Kifaransa, Tee ya Kijerumani na tea ya Kiingereza. Wareno walikaa Macao, jirani na Canton, wakachukua chá.

Kiswahili nacho kilipata wapi neno lake? Laiti lingepitia Kiarabu peke yake, tungetarajia shai. Laiti lingetoka kwa Wareno, waliotuachia meza, leso na gereza, tungetarajia cha. Umbo chai, lenye ch mwanzoni na i mwishoni, laelekea zaidi Kiajemi na Kihindi, yaani laonyesha uhusiano wa pwani na ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kutoka Kiswahili, neno hilo limeingia katika lugha jirani: Kinyarwanda husema icyayi, Kirundi icayi, Kiganda caayi.

Kilingala, kilichokulia kando ya Mto Kongo na kuelekea Atlantiki, kina ti, ambalo ni la ukoo wa te. Hivyo basi, njia mbili zilizoachana katika bandari za Uchina, moja ikielekea magharibi kwa nchi kavu na nyingine ikizunguka Afrika kwa bahari, zimekutana tena ndani ya mipaka ya nchi moja. Inafaa kuona pia kwamba utawala wa Kibelgiji ulisema thé katika ofisi zake zote. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili wa Kivu na wa Katanga hakuliacha chai.

Msamiati mwingine wa meza ya chai nao una ushahidi wake. Birika na sukari ni maneno ya Kiarabu. Mkahawa ni nyumba inayouza chai kila siku, lakini jina lake limetokana na kahawa. Hilo latukumbusha kwamba katika baraza za pwani kahawa ilitangulia. Kwa upande mwingine, mchaichai ni mmea unaotumika Afrika kama kiburudisho na dawa, ambao kwa nasaba hauna undugu wowote na mti wa chai. Kumbe jani la kigeni lilizoeleka kiasi cha kuupa jina mmea wa shambani.

2. Uchina na Japani: dawa, adabu na ukimya

Wachina waliitumia chai kama dawa na kama chakula kabla ya kuifanya starehe. Katika karne ya 8, mtu aitwaye Lu Yu aliandika kitabu cha kwanza kamili juu ya chai, chenye sura kumi. Alieleza vyombo, namna ya kuchemsha, na hata daraja za maji: ya chemchemi ya mlimani ni bora, ya mto yafuata, ya kisima ni ya mwisho. Wakati wake chai ilishindiliwa kuwa mikate, ikachomwa, ikasagwa na kuchemshwa. Lu Yu aliruhusu chumvi kidogo, lakini aliwalaumu vikali waliochanganya tangawizi, vitunguu na maganda ya machungwa. Kwake, kinywaji cha namna hiyo kilistahili kumwagwa mtaroni. Mswahili anayependa tangawizi katika chai yake angehesabiwa miongoni mwa waliopotea.

Utaratibu huo haukudumu. Wakati wa ukoo wa Song, unga wa chai ulikorogwa bakulini kwa kifagio chembamba cha mwanzi hadi utoe povu. Mwaka 1391, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming alifuta ushuru wa chai ya mikate na kuagiza majani matupu. Tangu hapo ilienea desturi ya kuloweka majani katika maji ya moto, ambayo ndiyo dunia nzima imeirithi, na buli likapata umuhimu.

Wajapani waliihifadhi desturi ya unga ambayo Uchina iliiacha. Mwaka 1191 mtawa wa Kibudha Eisai alirudi kutoka Uchina na mbegu za chai. Mwaka 1211 aliandika kitabu cha kuisifu kama dawa ya kurefusha maisha. Watawa waliinywa ili wasisinzie wakati wa kutafakari. Katika karne ya 16, Sen no Rikyu (1522–1591) alikamilisha utaratibu wa kuandaa chai katika chumba kidogo chenye mlango mfupi. Kila aingiaye, awe mkuu au mfanyabiashara, huinama na kupita kwa magoti. Upanga hubaki nje. Bakuli lenye kasoro huthaminiwa kuliko la dhahabu, na kila mkono unavyosogea kuna maana yake.

Lakini historia haikuruhusu chumba hicho kiwe mbali na utawala. Rikyu alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala mwenye nguvu kuliko wote katika Japani ya wakati ule, ambaye alijijengea chumba cha chai kilichopakwa dhahabu. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru mwalimu wake wa chai ajiue, naye akatii. Kikombe kiliweza kuwasawazisha watu kwa muda wa kinywaji. Hakikuweza kuwasawazisha nje ya mlango.

3. Njia ya misafara na nchi za glasi

Kwa Watibeti chai ni chakula. Katika nyanda za juu zenye baridi, ambako mboga ni haba, huichemsha kwa nguvu, huisukasuka pamoja na siagi na chumvi, na kuila na unga wa shayiri. Uchina ilihitaji farasi wa vita, Tibet ilihitaji chai. Mwaka 1074 serikali ya Song ilianzisha katika jimbo la Sichuan idara ya kubadilishana bidhaa hizo mbili. Thamani ya jani ilipimwa kwa farasi.

Warusi walifungua biashara ya mpakani ya Kyakhta kwa mkataba wa mwaka 1727. Chai ilisafiri miezi mingi kwa ngamia, na familia ikakusanyika kuzunguka samovari, chombo cha kuchemshia maji ambacho hakipoi haraka. Waturuki, wanaosifika kwa kahawa yao, waligeukia chai baadaye sana. Walipoipoteza Yemeni kufuatia vita vya 1914–1918, kahawa ikawa bidhaa ya kununuliwa kwa fedha za kigeni. Sheria ya mwaka 1924 ilihimiza kilimo cha chai huko Rize, kando ya Bahari Nyeusi. Leo Waturuki ni miongoni mwa watu wanaokunywa chai nyingi kabisa duniani, katika glasi ndogo yenye kiuno, bila maziwa. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua utamaduni wa chai wa Uturuki na Azabajani kuwa urithi wa binadamu, mwaka ule ule ilipotambua ufundi wa chai wa Uchina.

Moroko ni mfano wa kusahihisha dhana zetu. Msomaji angedhani kwamba nchi ya Kiarabu na ya Kiberberi ingesema shai. Lakini Wamoroko husema atay, neno la ukoo wa te. Sababu ni kwamba chai iliwafikia kwa bahari, mikononi mwa wafanyabiashara wa Ulaya. Vita vya Krimea (1853–1856) vilipoziba masoko ya Baltiki, Waingereza walizipeleka shehena zao za chai ya kijani Tangier na Mogador. Wamoroko waliongeza nanaa na sukari nyingi, wakaimimina kutoka juu ili ipate povu, na wakaifanya alama ya ukarimu: mgeni hutazamiwa kunywa glasi tatu, na kuondoka kabla ya ya tatu ni utovu wa adabu. Bidhaa iliyokosa soko kwingine ikageuka kuwa desturi ambayo leo yaonekana ni ya kale kama kuta za miji yao.

4. Uingereza: sukari, afyuni na mashamba

Tarehe 25 Septemba 1660, Samuel Pepys wa London aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alikunywa kikombe cha chai, kinywaji cha Kichina ambacho hakuwahi kukinywa kabla. Miaka miwili baadaye mfalme Charles II alimwoa Catarina wa Ureno, aliyependa chai, na watu wa jumba la mfalme wakamwiga. Ushuru ulikuwa mzito, magendo yakastawi. Mwaka 1773, tarehe 16 Desemba, wakazi wa Boston walitupa baharini makasha 342 ya chai kupinga ushuru wa Waingereza. Mwaka 1784 Bunge la London lilipunguza ushuru kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, kinywaji cha mabwana kikawa cha wafanyakazi wa viwandani.

Mwanaanthropolojia Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya sukari, alionyesha kwamba kikombe hicho kilikuwa na mizizi katika mabara mawili: jani lilitoka Asia, na sukari ilitoka visiwa vya Karibi, ambako ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Baadhi ya Waingereza walilijua hilo. Kuanzia mwaka 1791 familia nyingi zilizopinga utumwa ziliacha kutia sukari hiyo katika chai yao.

Jambo la pili ni malipo. Uchina ilitaka fedha ya madini, na Waingereza hawakupenda kuona fedha yao ikienda isirudi. Wakaeneza Uchina afyuni iliyolimwa Bengali, na mapato yake yakalipia chai. Mwaka 1839 mjumbe wa mfalme wa Uchina, Lin Zexu, aliteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni. Vita vilifuata, na kwa mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 Uchina ilipoteza kisiwa cha Hong Kong na kulazimishwa kufungua bandari zake.

Jambo la tatu ni kilimo chenyewe. Mwaka 1823 Robert Bruce alioneshwa chai ya Assam na Wasingpho, watu waliokuwa wakiitumia tangu zamani. Mwaka 1839 chai ya Assam iliuzwa kwa mara ya kwanza London. Mwaka 1848 Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilimtuma Robert Fortune Uchina kuchukua kwa siri miche, mbegu na mafundi. Huko Seiloni, ugonjwa wa kutu ulioiangamiza kahawa kuanzia mwaka 1869 uliwasukuma walowezi kwenye chai, ambayo James Taylor alikuwa ameipanda kuanzia mwaka 1867. Watamil wa kusini mwa Bara Hindi waliletwa kuichuma, na wajukuu wao wangali wakiichuma.

Wahindi wengi wenyewe hawakuwa wanywaji. Katika karne ya 20 kampeni za wafanyabiashara ziliwafundisha kunywa. Nao wachuuzi wa mitaani, kwa kuwa jani lilikuwa ghali, walipunguza majani na kuongeza maziwa, sukari, iliki na tangawizi. Watangazaji wa chai walikasirika, lakini watu walipendezwa. Ndiyo chai ambayo yaelekea ilivuka bahari na kuwa chai ya maziwa ya Afrika Mashariki, inayochemshwa katika sufuria moja na kila kitu chake.

5. Afrika Mashariki na Kivu

Kilimo cha chai kiliingia Malawi mwishoni mwa karne ya 19. Kenya, miche ilipandwa Limuru mwaka 1903. Tanganyika, Wajerumani waliijaribu Amani. Makampuni makubwa yalifika Kericho katika miaka ya 1920. Mkulima Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuilima kwa ajili yake mwenyewe hadi miaka ya 1950. Leo wakulima wadogo huzalisha zaidi ya nusu ya chai ya nchi hiyo, ambayo ni ya kwanza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Mombasa kuna mnada ambako huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo pia.

Kivu ilifaa kwa chai: ina mwinuko, mvua na udongo wa volkano. Walowezi wa Kibelgiji waliipanda kando ya kahawa na kinini. Hapa ni lazima kueleza jambo moja la kiufundi, kwa kuwa lina uzito wa kihistoria. Kinini na kahawa zikikauka zaweza kungoja. Chai haingoji. Majani mawili na chipukizi yakishachumwa ni lazima yafike kiwandani kwa saa chache, yanyaushwe, yasagwe, yachachuke na kukaushwa. Yakichelewa njiani yameharibika. Shamba la chai, kwa hiyo, huishi kwa barabara, kwa mafuta ya lori na kwa amani. Tarehe 30 Novemba 1973 utawala wa Mobutu ulitangaza kutwaa mashamba na biashara za wageni, na mengi yalikabidhiwa watu wasio na ujuzi wala mtaji. Barabara zikaharibika, vita vilivyoanza mwaka 1996 vikaongeza maangamizi. Mchai usiochumwa hurudia asili yake: huota ukawa mti mrefu, usioweza kufikiwa na mkono wa mchumaji. Mashamba yaliyoachwa hugeuka vichaka.

Na hata mashamba yaliyosalimika yana tatizo la zamani. Chai husafirishwa kwa wingi kama mali ghafi, huchanganywa na chai za nchi nyingine, na hupewa jina na thamani huko inakofungwa katika pakiti. Anayeichuma aweza kuinunua tena dukani bila kuitambua.

6. Chai ya mkono mmoja

Katika Kiswahili, kunywa chai ni pia kufungua kinywa asubuhi, hata kama mezani hamna jani la chai bali uji. Kutoka hapo neno lilichukua hatua nyingine: Kenya na Tanzania, anayeombwa chai ofisini au barabarani anaombwa hongo.

Hatua hiyo si ya Waswahili peke yao. Warusi huita bahashishi fedha ya chai. Wafaransa husema pourboire, yaani ya kunywea. Neno letu bakshishi ni la Kiajemi. Kongo tunalo matabishi, kutoka Kireno mata-bicho, kuua mdudu: kwanza lilikuwa tama la pombe kali asubuhi, kisha Angola na Msumbiji likawa staftahi, na Kongo likawa kijizawadi cha fedha. Kilingala nacho kina madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Matabishi na chai zimepita njia ile ile, kutoka kinywa cha asubuhi hadi mfuko wa mkubwa, bila lugha moja kuiga nyingine.

Kwa nini hongo hupenda kujificha katika chakula na kinywaji? Kwa sababu ukarimu una heshima. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeomba chai badala ya kusema fedha anaazima heshima hiyo, na kumfanya anayekataa aonekane bahili. Lakini desturi zilizochunguzwa hapa zatoa kipimo. Katika chumba cha Rikyu, kando ya samovari, mbele ya glasi tatu za Moroko, na katika nyumba ya Bukavu, mwenyeji ndiye atoaye, mgeni ndiye apokeaye, na wote wawili hunywa. Katika chai ya ofisini mwenye nafasi ndiye apokeaye, mwenye haja ndiye atoaye, na anayekunywa ni mmoja.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba thamani ya chai haikuwamo ndani ya jani peke yake. Jani moja lilikuwa dawa, chakula, bei ya farasi, somo la unyenyekevu, sababu ya vita na kisingizio cha rushwa. Kila taifa lililipokea kutoka kwa wengine na kulifanya lake, mara nyingi kwa muda mfupi kuliko linavyodhani. Imeonekana pia kwamba vikombe vingi vya heshima vililipiwa na watu ambao hawakualikwa mezani: watumwa wa Karibi, wachumaji wa Assam na Seiloni, na wale wa milima ya Kivu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa Kongo, uwanja huu ungali wazi. Mpaka wa chai na ti wastahili kufuatwa kijiji hadi kijiji, kutoka Kivu na Katanga hadi mahali Kilingala kinapoanza, na kumbukumbu za wachumaji wazee wa Kivu zastahili kurekodiwa kwa lugha yao wangali hai. Kazi hiyo haihitaji vyombo vingi. Atakayekwenda atakaribishwa, na kabla ya swali la kwanza atapewa kikombe. Ajibu karibu hiyo kama inavyostahili, kisha asikilize.